Akisimama ili akujibu: mazoezi ya miguu na akili kwa mzee wa nyumbani

Mama yangu alianguka kwenye ngazi za baraza letu, ngazi tatu tu, ambazo amezipanda na kuzishuka zaidi ya miaka 30. Hazikuwa na maji, ilikuwa mchana kweupe, na miwani alikuwa ameivaa. Mjukuu alimwita kutoka ndani: "Bibi, funguo za stoo ziko wapi?" Akageuza kichwa kujibu, mguu ukaikosa ngazi ya mwisho. Tulishukuru Mungu kwamba ilikuwa michubuko tu na kiwiko kilichovimba wiki mbili.

Nilipoanza kuwauliza wazee wengine mtaani walivyoanguka, hadithi zilifanana. Huyu alikuwa anatafuta nauli kwenye pochi huku anashuka daladala na konda anamharakisha. Yule alibeba sinia la vikombe, wageni wakamwamkia mlangoni. Mwingine simu ililia anatoka bafuni. Karibu kila mmoja, miguu ilikuwa na kazi yake na akili imeitwa pengine.

Haya ninayoeleza ni kwa mtu anayeishi na mzee, au kwa mzee mwenyewe mwenye wa kumsaidia. Hayahitaji jimu. Unahitaji kiti kisichoyumba, ukuta, simu ya kuhesabu sekunde, na daftari.

Fundi mmoja, wateja wawili

Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walichapisha katika jarida la The Lancet jambo walilolipima bila mashine yoyote. Wazee 58 walioishi kwenye makazi ya uangalizi walisindikizwa wakitembea, na njiani msindikizaji akaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama kwanza ndipo wakajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Kijana anatembea bila kujua kwamba anatembea. Mzee ambaye mapaja yamepungua nguvu, au nyayo zimeingia ganzi kwa kisukari, anaisimamia kila hatua kwa akili yake. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia hatua hizo ndiyo hiyo hiyo inayotafuta funguo za stoo ziko wapi. Ni fundi mmoja mwenye wateja wawili mlangoni, na akimhudumia huyu, yule anasubiri. Tatizo ni kwamba mguu ulioko hewani hausubiri.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na zinafuatana. Kwanza miguu ipate nguvu ili iache kumsumbua fundi kwa kila jambo dogo. Halafu fundi azoeshwe kuhama upesi kutoka kwa mteja huyu kwenda kwa yule. Wengi wanaanzia mwisho: wanamwekea mzee michezo ya kuchangamsha akili kwenye simu, naye anakaa kwenye kochi akibonyeza. Mwaka 1999 Arthur Kramer wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyowagawa makundi mawili watu 124 wa miaka 60 hadi 75 ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Kundi moja lilitembea, jingine lilijinyoosha na kukaza misuli, kwa miezi 6. Waliotembea ndio walioboreka katika kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine na katika kupuuza yanayopotosha. Hakuna aliyewapa mafumbo wala hesabu za ziada. Walitembea tu.

Kabla ya siku ya kwanza

Aonwe na daktari kwanza kama ameanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, kama anapata kizunguzungu akiinuka, kama kifua kinambana au pumzi inamkatika akitembea kidogo, au kama amepata kiharusi au upasuaji karibuni. Mwende na dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na zile alizopewa na jirani. Dawa za usingizi na baadhi ya za presha zinaweza kumyumbisha mtu, na mara nyingine kubadilisha kipimo au saa ya kumeza kunasaidia kuliko zoezi lolote. Hilo ni la daktari kuamua, si lako wala langu. Mwenye dawa za kisukari asifanye mazoezi na njaa, na awe na kitu cha sukari karibu.

Ndala ziachwe mlangoni. Avae kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli isiyoteleza. Mkeka uliojikunja pembeni uondolewe, waya wa feni usivuke njia, na dera refu lifungwe kiunoni. Mama alikataa raba kwa siku tatu, akisema si umri wa kuvaa kama mwanafunzi. Siku ya nne alizivaa kwa sababu dada yake alizisifia, maana mimi mwanawe maneno yangu hayakutosha.

Hatua ya kwanza: pima ulipo

Weka kiti nyuma kikiegemea ukuta. Mzee akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Hesabu kila anaposimama kabisa. Kwa vigezo vinavyotumiwa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au mwanamume wa umri huo chini ya 12, yuko chini ya wastani. Asiyeweza kuinuka bila kujishika, andika sifuri na usimwonee haya. Ndipo mnapoanzia.

Kisha pima mita 3 kutoka kwenye kiti, weka alama ya chaki. Anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo.

Sasa rudia kipimo hicho hicho huku akili ina kazi. Wataalamu wengi humwambia mtu ahesabu kurudi nyuma kwa kutoa 3, yaani 100, 97, 94. Kwa bibi ambaye hakukaa sana darasani hiyo ni kumtia aibu tu, na unaishia kupima shule, hupimi mwendo. Mimi hutumia siku za wiki kinyumenyume. Zinaonekana rahisi mpaka ujaribu. Siku zetu zimebeba hesabu ndani yake, mosi, pili, tatu, nne, tano, halafu inaingia Alhamisi, ambayo nayo ni ya tano lakini kwa Kiarabu. Kuzirudi nyuma kunamlazimu mtu afikiri. Usitumie alichokihifadhi: sala, aya au wimbo wa zamani vinatoka vyenyewe mdomoni bila kumgusa fundi.

Mama, akiwa na miaka 72, alisimama mara 8. Mita 3 kwenda na kurudi alitumia sekunde 13, na kwa siku za wiki sekunde 18. Chukua ongezeko, sekunde 5, gawa kwa 13, zidisha kwa 100: asilimia 38. Hiyo ndiyo bei aliyokuwa analipa kwa kufikiri huku anatembea. Namba hii ni ya kumlinganisha yeye na yeye mwenyewe baadaye. Usimlinganishe na mama wa jirani.

Hatua ya pili: wiki nne za miguu peke yake

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafikie dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi yanayochanganya nguvu na kutoyumba siku 3 au zaidi. Ukimwambia mzee "dakika 150" anakata tamaa papo hapo. Mwambie: "Mama, nisindikize mpaka dukani." Anayeanza na dakika 10 ameanza. Mwendo uwe wa kumwezesha kuongea lakini asiweze kuimba. Akiimba, anatembea kivivu, na akishindwa kuongea amezidisha. Pwani, tokeni kabla ya saa 2 asubuhi, jua halijachachamaa.

Nyumbani, mara tatu kwa wiki:

Kukaa na kusimama kwenye kiti, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Ashuke polepole. Kujibwaga kwenye kiti ni kudanganya, kwa sababu nguvu ya paja hujengwa pia anapojizuia asianguke kwenye kiti, si anapoinuka tu.

Kuinuka kwa vidole vya miguu akishika meza au mwimo wa mlango, mara 10.

Kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama mtu anayepima chumba kwa nyayo. Mkono uwe karibu na ukuta. Lengo ni sekunde 10 bila kushika.

Kutembea ubavu kando ya ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

Na kuna sakafu. Wazee wengi wakianguka hawakuumia popote, ila hawawezi kuinuka, wanalala hapo saa nzima wakisubiri mtu. Anayeswali kwa kusujudu anafanya zoezi la kushuka na kuinuka kila siku bila kuliita zoezi. Aliyehamia kwenye kiti kwa sababu ya magoti ana ruhusa yake na simwondoi hapo, lakini wakati mwingine wa siku, akiwa na mtu na kiti imara cha kushika, ajifunze njia ya kuinuka: ageukie ubavu, aende magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele, ajisukume juu. Kama magoti hayakubali kabisa, zoezi hili liachwe.

Hatua ya tatu: ongeza akili, kidogo kidogo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanapoharibu kwa haraka. Ongeza ugumu mmoja tu kwa wakati. Ukibadilisha mwendo, acha swali liwe jepesi. Ukibadilisha swali, acha mwendo ule ule. Msaidizi akae upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, mkono tayari kwenye kiuno. Kumshika mkono na kumvuta ndiyo njia ya haraka ya kumwangusha.

Wiki ya tano aanze akiwa amekaa: apige hatua papo hapo kwenye kiti huku anataja samaki wa sokoni. Changu, tasi, kolekole, nguru, jodari, pono. Akikwama na miguu ikasimama, cheka naye mwendelee. Kisha asimame nyuma ya kiti, ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda ule huku anakutajia wajukuu wote kuanzia mdogo. Nyumba yenye wajukuu 14, hilo si zoezi dogo.

Wiki ya sita atembee varandani au ukumbini, mita 6 hivi kwenda na kurudi, na maswali yale yale. Mara hii umwambie, "Sasa angalia zaidi miguu, majibu yaje yakija." Mara nyingine, "Sasa nataka majibu sahihi, tembea unavyotembea." Kugeuza kipaumbele namna hii kunamzoesha fundi kuchagua mteja wa kumhudumia kwanza.

Wiki ya saba mikono iingie. Kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya sinia, atembee bila kumwaga. Maji ya bomba, kamwe isiwe chai ya moto. Akizoea, ulizia bei ya mchele juzi na leo. Kwa wanaume ambao sinia wataona ni kudhalilishwa, weka sarafu za 50, 100, 200 na 500 mfukoni, umwambie atoe 500 kwa kupapasa huku anatembea. Ndicho kinachotokea kwenye daladala, ila hapa hakuna konda.

Pia kuna mchezo wa kinyume: ukisema "kulia" anageukia kushoto, ukisema "simama" anaendelea, ukisema "endelea" anasimama. Mama alinikasirikia siku ya kwanza akidhani namfanyia mzaha. Siku ya pili alitaka yeye ndiye atoe amri na mimi nigeuke, na nilikosea kuliko yeye.

Wiki ya nane ni muziki. Mjini Geneva, Uswisi, Andrea Trombetti na wenzake waliwafundisha wazee zaidi ya miaka 65, jumla yao 134 pamoja na kundi la kulinganisha, kutembea wakifuata piano inayobadilika, mara moja kwa wiki kwa miezi 6, huku wakipokea kazi nyingine za mwili za kufanya papo hapo. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliofanya hivyo walianguka mara chache zaidi na walitembea vizuri zaidi wakiwa na jambo la pili kichwani. Piano hatuna, na sidhani tunaihitaji. Mwangalie mama mtu mzima anavyokwenda kutuza kwenye taarabu: anafuata mdundo, anapita katikati ya viti, noti mkononi, macho kwa mwimbaji, na uso unajibu mafumbo ya wimbo. Mambo manne, naye hajui kwamba yuko mazoezini. Weka wimbo anaoupenda, atembee kwa mdundo, uuzime ghafla naye asimame, uuwashe aanze kwa mguu mwingine. Wimbo ukibadilika kasi, miguu ibadilike.

Kusoma unachokiona

Miguu ikisimama ili ajibu, punguza swali. Maneno yakisimama lakini miguu inaenda vizuri, usimkemee kamwe, kwa sababu mwili umechagua sawasawa: kwanza nisianguke, mengine baadaye. Wa kumwogopa ni yule ambaye maneno yanatiririka huku hatua zinafupika, miguu inaburuta, au anaenda upande. Huyo fundi wake amemchagua mteja asiye na haraka. Mara nyingi ni mzee mwenye adabu sana, asiyependa kumnyamazisha mtu anayezungumza naye.

Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikakatika, mnaacha siku hiyo na mnatafuta ushauri. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakivurugika ghafla, hiyo si ya kusubiri kesho. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kama alikuwa anaendelea vizuri kisha ndani ya siku chache akaanza kuyumba, ulizia homa, mkojo unaouma, au dawa mpya.

Hatua ya nne: barabarani usifanye mazoezi

Hii inawachanganya watu. Tumemzoesha mambo mawili kwa pamoja, mbona tunamkataza? Kwa sababu mazoezi ni ya varandani, penye ukuta na mtu. Kwenye ngazi, kuvuka barabara yenye bodaboda, na kupanda au kushuka gari, ni jambo moja tu kwa wakati. Nauli itengwe nyumbani, mfuko wake peke yake. Simu ikilia, iache ilie; asogee pembeni, asimame au akae, ndipo ampigie aliyempigia. Mfundishe sentensi moja ya kumwambia konda na yeyote yule: "Subiri baba, nishuke kwanza." Mama aliona ni utovu wa heshima kumsubirisha mtu. Tuliizoea kwa kuisema wakati wa mazoezi mpaka ikatoka bila kufikiri.

Watu wa nyumbani nao wana zoezi lao. Bibi akiwa kwenye ngazi haitwi. Mwenye swali anamfuata alipo.

Baada ya wiki nane pima tena, kiti kile kile, alama ile ile, saa ile ile ya siku. Mama alifikisha mara 11 kwenye kiti, sekunde 11 bila swali na 13 kwa siku za wiki kinyumenyume, yaani asilimia 18 badala ya 38. Tulipoacha mwezi mzima wa Ramadhani, tulipopima tena alikuwa amerudi nyuma kidogo, kwa hiyo tumebaki na siku tatu kwa wiki, mwaka mzima, na katika mfungo tunafanya fupi baada ya futari.

Kwa wazee wa barazani

Wanaume wa mtaani kwetu hawakutaka kusikia habari za sinia wala siku za wiki. Wao wana bao, na wanasema akili zao ziko sawa. Ni kweli, mtu anayezifuatilia kete 64 kwenye mashimo 32 huku anatania wenzake akili yake haijalala. Ila wanakaa kutoka alasiri mpaka magharibi bila kuinuka, halafu wanainuka wote pamoja wakishikana mabega. Tukakubaliana jambo moja: kila bao likiisha, aliyefungwa anasimama na kukaa mara 10, mikono kifuani, na anayesubiri zamu anazunguka nyumba mara moja huku anakumbuka bao lilivyofika mwisho, akirudi aeleze. Bingwa wao aligoma wiki mbili nzima, akidai sheria hiyo haimhusu kwa sababu yeye hafungwi. Wiki ya tatu wenzake walibadilisha: mshindi ndiye anayesimama.